Tusimguse Mpaka Polisi Waje

Maneno hayo niliyasema mimi, mwaka 2016, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha uani kwenye nyumba ya kupanga hapa Temeke. Ndani kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, amelala sakafuni. Wapangaji wenzake walikuwa wamevunja komeo. Wote walinigeukia mimi, kwa sababu mimi ni mjumbe, na mjumbe ndiye anayegongewa mlango mtoto akipotea, mke na mume wakipigana, mwizi akikamatwa. Nikasema, "Tusimguse mpaka polisi waje." Nikamtuma dereva mmoja wa bodaboda akimbilie kituoni, nikabaki nimenyoosha mkono kuziba mlango mtu asiingie.

Alikuwa anapumua. Hilo nililiona vizuri kabisa. Alivaa fulana ya bluu iliyopauka, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu. Namna alivyojidhuru sitaieleza, hapa wala popote. Anayesoma akiwa na maumivu yake hahitaji kufundishwa njia.

Nilikuwa nimesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na kwamba ukimgusa mtu wa namna hiyo unaweza kuitwa shahidi, au ukaulizwa wewe ulikuwa wapi, au ukaambiwa ndiye uliyemfanya. Nilikuwa na miezi michache tu kwenye ujumbe. Nikaogopa. Dereva akarudi na jibu kwamba gari halipo, tusubiri au tumpeleke wenyewe kituoni akachukuliwe PF3, ile fomu namba tatu ya polisi ambayo kila mtu hapa Dar anajua kwamba ukiumia kwa namna ya kutatanisha utaulizwa. Tukampakia kwenye bajaji. Tukapita kituoni kwanza, kisha hospitali. Tangu komeo livunjwe mpaka daktari amshike, ilikuwa imepita saa moja na nusu.

Alipona. Siku ya tatu nikaenda kumwona, nimebeba machungwa na maji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Mtu mwenye huruma, muuguzi labda, alikuwa amezungusha bandeji chini ya ile pingu ili isimchubue. Kila alipotaka kujigeuza, chuma kiligonga chuma, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo. Nilimmenyea chungwa, nikampa kipande kimoja kimoja kwa mkono wangu kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa na dripu na wa pili una pingu. Alikula bila kunitazama. Sikupata la kusema. Nikamwambia, "Pole, mwanangu," nikaondoka.

Kesi haikufika mahakamani. Kaka yake alikwenda na kurudi kituoni wiki mbili, mwisho kijana akaachiwa. Lakini mtaani alikuwa ameshahukumiwa. Watoto walimpa jina. Mwenye nyumba alimwambia atafute kwingine, kwamba hataki mikosi kwenye nyumba yake. Aliondoka usiku, na godoro lake kwenye guta.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Naliandika sasa kwa sababu nimekutana nalo tena, na kwa sababu najua wapo wajumbe wenzangu, wenyeviti wa mitaa, wenye nyumba, madereva wa bajaji na majirani wa kawaida ambao siku moja watavunja komeo kama sisi, na watasimama pale mlangoni wasijue wafanye nini.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anasoma sheria wakati ule. Nilimwita nyumbani nikamwambia anisomee inavyosema, nisikie kwa masikio yangu. Akafungua simu, akasoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217: anayejaribu kujiua anatenda kosa. Adhabu haikutajwa palepale. Ni katika makosa madogo, na kosa dogo lisilotajiwa adhabu yake linabebwa na kifungu cha 35, kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Kifungu kinachotangulia, cha 216, ni cha mtu anayemshawishi au kumsaidia mwenzake ajiue, na hicho kinafika kifungo cha maisha. Hicho cha 216 sina ugomvi nacho. Mtu anayemsukuma mwenzake shimoni ashughulikiwe. Huyu wa 217 ndiye aliyenisumbua, maana unamwadhibu mtu kwa kosa la kubaki hai. Angefanikiwa, hakuna wa kushtakiwa.

"Shangazi," akaniambia, "hii si yetu kwa asili." Akanieleza kwamba Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930, na kosa hili limo kwa kuwa kwao nako lilikuwa kosa. Kisha akaniambia jambo ambalo halijanitoka kichwani. Waingereza wenyewe waliliondoa kosa hilo kwao mwaka 1961, kwa sheria ya Bunge lao ya Agosti. Desemba mwaka huohuo sisi tukapata uhuru. Wao wameliacha, sisi tukalirithi.

Nchi nyingine zimekuwa zikiliondoa moja moja. Ghana na Malaysia waliliondoa mwaka 2023. Tarehe 9 Januari 2025 alinipigia simu kwa sauti ya furaha, kana kwamba Taifa Stars imefunga bao. Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, ilikuwa imetamka kwamba kifungu chao cha 226, ambacho ni ndugu wa hiki chetu cha 217, kinakiuka katiba yao. Sisi bado. Huku kwetu mtu akiokolewa, kwa maandishi ya sheria ni mtuhumiwa.

Nilimuuliza na swali langu hasa: mimi kama mjumbe, nina wajibu gani? Akanisomea kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtu akijua kwamba kosa lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu limetendeka, anatakiwa atoe taarifa kwa polisi au kwa mwenye mamlaka katika eneo lake, naye huyo azipeleke kituo cha karibu. Mwenye mamlaka katika eneo ndiyo sisi viongozi wa mtaa. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kudhani kwamba polisi wanahusika. Nilikosea mpangilio. Hakuna mahali kifungu kinasema mtu aachwe sakafuni mpaka taarifa ifike. Nilipokuwa nimeziba ule mlango nilidhani natii sheria, na kumbe sheria yenyewe haikuniagiza hivyo.

Akanisomea na Katiba yetu, ibara ya 14, nikamwambia airudie: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Kutoka katika jamii. Jamii ile usiku ule ilikuwa ni mimi, wapangaji watano na dereva wa boda.

Mwaka 2019 nilimwona yule kijana Kariakoo. Alikuwa ana kimeza chake, anauza chaja na kava za simu. Nilitaka kupita, nikashindwa. Nikamsogelea. Akaniamkia, "Shikamoo mama," kwa adabu kabisa. Nikamwitikia, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa yale ya hospitali, kwa pingu. Akatikisa kichwa.

"Pingu nilizisahau mama," akasema. "Mimi nilikusikia kule chumbani. Macho yalikuwa hayafunguki lakini masikio yalikuwa yanasikia. Nilikusikia unasema nisiguswe."

Nilishika meza yake. Mteja akaja kuuliza bei ya chaja, akamhudumia, akamrudishia chenji, kisha akaniambia, "Mama usilie hapa, watu watadhani nimekutapeli." Nilinunua kava ambayo haiingii kwenye simu yangu. Ninayo mpaka leo.

Sasa niwape habari ya pili.

Ilikuwa masika ya mwaka 2024, mvua ya usiku ile ya kuamsha chura. Saa nane mlango wangu ukagongwa chini chini, kama anayegonga ni mfupi. Nikafungua, nikamkuta mtoto wa kike wa miaka tisa, peku, gauni limelowa. "Mama mjumbe, mama haamki vizuri."

Mama yake ni mama lishe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilipofika alikuwa amekunywa kitu, na chupa ilikuwa palepale. Alikuwa anajua yupo wapi lakini maneno yalikuwa yanateleza. Majirani waliingia nyuma yangu, mmoja amebeba maziwa, mwingine anadai apewe mafuta ya kula atapike. Wana nia njema wote. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na muuguzi mmoja jirani yetu, baada ya yale ya kwanza, kwamba mtu aliyekunywa sumu usimtapishe na usimnyweshe maziwa: sumu nyingine huunguza koo inaposhuka na huunguza tena inapopanda, na mtu aliyelegea akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, chukua chupa au pakti uende nayo hospitali, ondoka. Nikaiweka chupa kwenye mfuko wa rambo. Nikamwita dereva wa bajaji anayelala jirani.

Tukiwa tunambeba akaniambia, "Niacheni. Niacheni mama, nimechoka." Alisema wazi, mara tatu.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye siku hizi ni wakili, alikuja kunibana hapo baadaye. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, alisema, hilo ni jambo linaloheshimiwa na madaktari duniani kote. Kwa nini shangazi hukumsikiliza? Nilifikiri sana. Jibu langu ni kwamba mdomo wake ulisema niacheni, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata pindo la kanga yangu, umelikunja ndani ya ngumi, na haukuliachia mpaka mapokezi, ikabidi muuguzi amfungue kidole kimoja kimoja. Sitaki kusema mkono ule ulimaanisha hili au lile. Ila nilijua kwamba nikikosea kwa kumwokoa, kesho yake atanigombeza. Nikikosea kwa kumwacha, hakuna kesho ya kugombezana. Na mtu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili au na sumu usiku wa manane, anachokisema dakika ile si wasia. Wengi sana wanaookolewa wanaendelea kuishi, na hawafi kwa kujiua baadaye. Hilo madaktari wamelifuatilia kwa miaka.

Kwenye bajaji dada yake, tuliyempitia njiani, akaninong'oneza, "Tuseme alidhani ni soda. Tuseme ni bahati mbaya, mama, wasije wakamfunga."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona kifungu cha 217 kinapoua watu. Dada yule si mwongo kwa tabia. Anampenda mdogo wake. Lakini akisema ni soda, daktari ataamini mtu alikunywa funda moja akatema, wakati chupa iko nusu. Atatibu funda moja. Kisha asubuhi, akipata nafuu, ataruhusiwa aende nyumbani kama mtu aliyepata ajali, bila kuonana na mtu wa afya ya akili, arudi kwenye chumba kilekile na mawazo yaleyale. Na kitu kimojawapo kinachoonyesha kwamba mtu yuko hatarini zaidi ni kwamba ameshawahi kujaribu. Tunaficha kile ambacho daktari angekihitaji kuliko vyote. Tena tunakificha kwa upendo, kwa kuogopa pingu.

Nikamwambia, "Binti yangu, kwa daktari tutasema kila kitu. Polisi niachie mimi."

Tulipofika nilitoa chupa kwenye rambo, nikamwambia daktari amekunywa hiki, kiasi hiki, kama saa saba na nusu, na amefanya kwa kukusudia. Nilisema mbele ya dada yake, kwa sauti ya chini, pembeni ya pazia. Daktari, kijana mdogo tu, hakupandisha nyusi. Akasema, "Ahsante mama, umetusaidia," wakaanza kazi. Habari ya fomu aliigusa baada ya masaa, mgonjwa ameshatulia, akasema kwanza alikuwa na mgonjwa wa dharura.

Asubuhi nilikwenda kituoni mwenyewe. Miguu ilikuwa mizito, nilikumbuka pingu. Niliomba kuonana na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kwa kuwa kuna mtoto aliyeshuhudia. Nikapewa askari wa kike, mama mwenzangu. Nikatoa taarifa kama ilivyo, sikupunguza, sikuongeza yale ya madeni wala ya mume, hayo si yangu kuyasema. Akaandika, akanipa namba ya RB, ile ya taarifa kwenye daftari la polisi. Akauliza, "Anazungumza?" Nikamwambia bado. "Akizungumza niambie. Nitakuja na nguo zangu za nyumbani." Na kweli alikuja na gauni na mtandio, akakaa kwenye stuli, akavuta pazia, akachukua maelezo. Hakuna pingu iliyoonekana. Jalada lilikwenda linakokwenda. Mpaka leo hakuna aliyeitwa mahakamani.

Wakili wangu ananieleza kwamba hapo napo sheria ina mlango ambao watu hawaujui. Si kila jalada lazima liwe kesi. Katiba, ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka anapotumia mamlaka yake azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Nani atasema ni maslahi ya umma kumpandisha kizimbani mama lishe aliyetoka kutibiwa? Lakini siridhiki na mlango huo. Unategemea umemkuta nani mezani. Nilimpata askari mwenye busara. Mwingine atampata askari mwenye haraka. Kifungu kikiwepo, hofu ipo, na hofu haijui kwamba kuna mkurugenzi mwenye hiari.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, ambalo hili sina sheria ya kulisingizia.

Yule mama lishe alikuwa na mikopo ya kausha damu. Alianza na laki tatu za kuongeza mtaji, marejesho kila Jumatatu, akakopa kwingine kulipa kule, ikafika wakawa wanakuja kuchukua vyombo. Jiko la gesi lilikwenda, masufuria makubwa mawili yakafuata. Daktari wa akili baadaye alieleza kwamba ana sonona ya muda mrefu, ilianza kabla ya deni, tangu alipofiwa na mtoto wa pili, kwa hiyo tusiseme deni ndilo lililofanya. Lakini mimi siku ile ya nne nilikuwa na hasira ya kutafuta mtu wa kumgombeza. Mkopeshaji akaja Jumatatu kama kawaida, na pikipiki yake, na daftari. Nikamtokea. Nikamuuliza leseni yake iko wapi, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni. Hapo nilikuwa sawa. Akababaika. Ningeishia hapo. Nikaongeza, kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia, "Mwenzenu amelazwa kwa ajili yenu, amekunywa sumu kwa ajili yenu!"

Alasiri hiyohiyo mtaa mzima ulijua. Jioni ikawa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na picha yake ya harusi imewekwa juu na maandishi ya kusikitikia ambayo hayakuwa na huruma yoyote ndani yake. Niliwapigia simu waliotuma, mmoja mmoja, wafute. Niliwaambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu si za kugawana kama tangazo la maji. Walifuta. Lakini nani aliyeanza? Mimi. Katiba ibara ya 16 inazungumzia heshima na hifadhi ya maisha binafsi ya mtu, na mimi niliyemwambia daktari siri hiyo kwa sauti ya chini, pembeni ya pazia, ndiye niliyeimwaga barazani.

Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaambiwa. Nikaenda kumwangalia, akafunga mlango polepole, bila kuupiga. Ningependa angeupiga. Miezi miwili hakunisemesha.

Miezi miwili ile haikuwa ya kukaa bure, kwa sababu muuguzi aliniambia kwamba majuma ya mwanzo baada ya mtu kutoka hospitali ndiyo ya kuchungwa zaidi. Kwa hiyo nilifanya kazi kupitia dada yake, kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Dawa zikawa zinakaa kwa dada, anapewa za siku. Vitu vya kudhuru vikatolewa ndani, mpaka vile vya kuulia mende. Tarehe za kliniki niliziandika kwenye kalenda yangu, na siku hizo dereva wa bajaji wa usiku ule alimpeleka kwa bei ya mafuta tu. Nikamwagiza dada amuulize waziwazi, kila baada ya siku kadhaa: "Mawazo ya kujiua yamerudi?" Dada aliogopa, akasema si nitakuwa namkumbusha? Hapana. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, hilo limeshaangaliwa sana na wataalamu. Kunampa mahali pa kulitua. Siku ya kwanza aliyoulizwa, dada aliniambia, alinyamaza, kisha akasema, "Juzi yalikuja. Leo hayapo." Jibu la maneno manne matano tu, lakini tusingeuliza tusingelipata.

Kuna shehe na kuna mchungaji mtaani kwetu, na wote wawili nilikwenda kuwaomba jambo moja: wasiliseme kwenye hotuba kwa wiki zile. Dini zetu zinakataza kujiua, hilo linajulikana. Lakini aliyetoka kule akarudi, akikaa nyuma ya safu akasikia anasemwa yeye, ataondoka na nini? Wote wawili walinielewa. Shehe alikwenda kumjulia hali, akakaa dakika kumi, akaongelea bei ya mchele.

Mtoto alinipa kazi ngumu kuliko wote. Siku tatu za kwanza alilala kwangu. Usiku wa pili aliniuliza kama mama yake alikunywa kwa sababu yeye alichelewa kurudisha chenji ya dukani. Hivyo ndivyo watoto wanavyohesabu. Nilimkalisha nikamwambia, mama yako ameugua, ugonjwa wa ndani unaofanya mtu ahisi hakuna njia, na madaktari wanautibu. Si kwa ajili ya chenji. Si kwa ajili ya kitu chochote ulichofanya. Nikamwambia tena asubuhi, na tena jioni, maana mara moja haitoshi. Kama mtoto wa jirani yako ana mzigo kama huo na huna maneno, namba 116 ni ya watoto, wanapokea simu na wana subira.

Mwezi wa saba, Jumatatu moja, nilipita mbele ya kibanda chake saa nne asubuhi. Alikuwa amerudi kazini na jiko la mkaa la kuazima. Nilikuwa nimezoea kupita haraka nikimsalimia bila kutarajia kuitikiwa. Siku hiyo akaniita.

"Mama mjumbe."

Nikasimama kizingitini.

"Ulimwambia nini mwanangu? Juzi ananiambia, mama ukiumwa tena mimi najua kuita watu. Nani kamfundisha?"

Nikamwambia nilichomwambia, neno kwa neno. Kwamba mama ameugua. Kwamba halikuwa kosa lake. Kwamba usiku ule alitembea peku kwenye mvua akafanya kitu ambacho watu wazima wengi hushindwa, aliita. Kisha nikamwambia na lile la barazani, kwamba nilikosea, na kwamba sitatafuta neno la kujitetea.

Alikuwa anakoroga supu. Hakuinua kichwa. Akachota, akaweka kwenye bakuli, akakata ndimu, akaiweka pembeni ya kisahani na pilipili. Akalisogeza bakuli mwisho wa benchi, upande wangu.

"Kaa basi, mama," akasema. "Mbona umesimama mlangoni."